M Iliyotamkwa na Injini

Gari la petroli ni mtambo wa redio. Mwambie hivyo fundi wa gereji atakucheka, lakini ndivyo ilivyo. Mwaka 1887 huko Karlsruhe, Ujerumani, bwana mmoja aitwaye Heinrich Hertz alirusha cheche ya umeme kati ya vitufe viwili vya madini, na upande wa pili wa chumba, katika kitanzi cha waya ambacho hakikuunganishwa na kitu chochote, kicheche kingine kikaruka chenyewe. Hapo watu wakaanza kuamini kwamba mawimbi ya umeme na sumaku yanasafiri hewani. Sasa hebu fungua boneti ya gari la petroli uone kuna nini: koili, waya, na plagi inayorusha cheche. Mitambo ni ile ile. Hertz aliyataka mawimbi yake, gari linayatoa tu bila kutaka, kona hadi kona, na redio iliyofungwa kwenye dashibodi hatua moja kutoka kwenye injini inayapokea kwa moyo mmoja kama inavyoipokea Dar es Salaam.

Jambo hili si geni. Paul Galvin wa Chicago alipoanza kuuza redio za magari mwaka 1930, zile alizoziita Motorola, mojawapo ya vichwa vilivyomuuma ni kelele za plagi. Wataalam wameliandikia vitabu na sheria za kimataifa, na lina majina marefu ya kumchosha msomaji. Sisi Suji tulikuwa na neno moja: redio inakoroma.

Suji, kwa asiyeijua, ni kijiji cha milimani huko Upare wa kusini, wilaya ya Same. Unateremka basi Makanya, kwenye barabara kuu ya Moshi, pale penye joto na vumbi na mashamba ya mkonge, halafu unaanza kupanda. Kadiri unavyopanda ndivyo joto linavyokuacha, na migomba inaanza, na mtu aliyekuwa akilalamika jasho anaulizia sweta. Wamisionari wa Kisabato walifika Upare mwaka 1903, na kwetu dini hiyo ilishika mizizi hasa. Ijumaa jua likizama, kila kitu kinasimama. Sufuria la makande limeshapikwa mchana, kuni zimeshachanjwa, na gari halitembei tena mpaka Jumamosi jua lizame.

Baba alikuwa dereva wa pikapu iliyopandisha watu na mizigo kutoka Makanya. Injini ya petroli, silinda nne, turubai nyuma, mabenchi mawili ya mbao, na redio ya masafa ya kati ambayo ndiyo iliyokuwa fahari ya gari lile. Kioo cha dirisha dogo kati ya dereva na abiria wa nyuma kilikuwa kimevunjika zamani, na hakuna aliyetaka kirudishwe, kwa kuwa sauti ya redio ilipitia hapo.

Vijana wa leo mnaopata habari ya msiba kwenye simu kabla marehemu hajapoa hamwezi kujua Radio Tanzania ilikuwa nini kwetu. Mtu akifa Dar es Salaam, ndugu walikwenda kulipia tangazo. Mtangazaji alisoma kwa sauti ile ya pole pole: fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, habari ziwafikie fulani na fulani wa mahali fulani. Simu za mkononi zilikuwa za wakubwa wachache mjini. Barua ilichukua wiki, na maiti haingoji wiki. Kwa hiyo tangazo lilipoanza, kijiji kizima kilinyamaza. Mwaka 1996 ndio usiseme. Mei 21 mwaka ule MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, mamia ya watu wakafa, na tangu siku ile hata watoto tuliacha kucheza mtangazaji akisema neno "kifo".

Ninayotaka kusimulia yalitokea Agosti ya mwaka huo huo, siku ya Ijumaa, jua likiwa limeinama. Nilikuwa mbele, katikati ya Baba na mama mmoja aliyepakata kuku. Baba alikuwa anakimbizana na Sabato. Bado kona nyingi na mlima ulikuwa unapandisha kweli kweli, injini ikilia kwa gia ndogo. Matangazo ya vifo yakaanza. Yakapita mawili ya watu wa Mtwara na Tabora. Kisha tukasikia: anasikitika kutangaza kifo cha kaka yake, ndugu Mmmmm... na redio ikakoroma. Ilipojirudi ilikuwa inasema: ...kilichotokea jana hospitalini Dar es Salaam. Habari ziwafikie ndugu na jamaa wote wa Suji, Same.

Msomaji, nikuulize. Kama unawajua Wapare, hebu nitajie majina yetu ya ukoo. Msuya. Mshana. Mchome. Msofe. Mgonja. Mndeme. Mbwambo. Mmbaga. Mrutu. Karibu nchi nzima ya Upare imeandikwa kwenye ukurasa wa M! Kuniambia kwamba amekufa M wa Suji ni sawa na kuniambia amekufa mtu.

Mama mwenye kuku hakupiga kelele. Alisema tu, "Ni kaka yangu huyo. Nimesikia jina." Nyuma, kupitia kile kidirisha, mzee mmoja akaanza kulia kwa sauti nzito, akimtaja mwanawe wa pili aliyekuwa kuli bandarini. Na kijana mwingine, mwenye fulana ya mpira, akawa anasema jina la tatu, la kaka yake mkubwa, anaapa kwamba mtangazaji amelitamka lote, la kwanza na la ukoo. Majina matatu mbalimbali. Kila mmoja alikuwa amelisikia la kwake, wazi kabisa, na hakuna aliyekuwa anadanganya.

Tuliingia kijijini jua likigusa mlima. Sabato ile nyumba tatu zilikuwa na msiba. Watu waligawanyika, wengine huku, wengine kule, wengine wakazunguka zote tatu. Mama mmoja jirani yetu, mtu mkarimu sana ambaye hakupanda gari siku ile, alizunguka zote tatu na bakuli la makande yaliyopikwa mchana, akikaa kidogo kila mahali, akiwashika wenzake mikono.

Asubuhi, baada ya mabishano, mzee wa kanisa aliruhusu redio moja iwashwe nyumbani kwa mwalimu mstaafu, kwa ajili ya tangazo tu. Redio ya betri, mezani, hakuna injini karibu. Tangazo likarudiwa. Jina likatoka lote, herufi kwa herufi, na halikuwa mojawapo ya yale matatu. Halikuanza hata na M. Lilianza na K. Alikuwa kaka wa mume wa yule mama wa makande.

Sitaeleza ilivyokuwa kwake. Nitasema tu kwamba tangu wiki iliyofuata Baba alikuwa na desturi mpya. Saa ya matangazo ikikaribia, alisimamisha gari kwenye kona moja yenye mwanya kuelekea tambarare, utingo akaruka na jiwe kubwa akaliweka nyuma ya tairi, maana breki ya mkono haikuwa ya kuaminika, na Baba akazima injini. Abiria wote kimya. Matangazo yakiisha, wanalisukuma gari kidogo kama betri imechoka, tunaendelea. Waliozoea usafiri wa mjini walinung'unika. Wa Suji hawakunung'unika.

Basi. Miaka ikapita, nikaenda kusomea elektroniki katika chuo kimoja Dar, na mwaka 2009 tukaambiwa kila mmoja atafute mradi wa kuigiza kitu kwa kompyuta. Washkaji walichagua mambo ya maana: mitambo ya simu, taa za barabarani. Mimi nikasema nitaigiza pikapu. Walicheka sana.

Kuigiza kwa kompyuta, kwa wale ambao hawajaonja, kunafanana na maigizo ya redio kuliko unavyodhani. Hakuna gari. Kuna orodha ya wahusika, na kila mhusika unampa tabia yake kwa namba. Programu niliyotumia inaitwa SPICE, iliyotungwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kutolewa mwaka 1973; mtu mkuu katika kuiandika alikuwa Laurence Nagel, wakati huo mwanafunzi kama sisi. Unaiambia: hapa pana betri ya volti 12, hapa pana koili inayozikuza hadi volti elfu kumi na tano au ishirini, hapa pana waya, hapa pana mwanya wa plagi. Kisha unabonyeza, na wahusika wanaanza kuchezeana.

Mhusika anayesahaulika ni waya. Mtu akiuona waya anadhani ni njia tu, umeme unapita kama watu wanavyopita kwenye korido. Kumbe waya una tabia zake. Waya wa plagi wenye urefu wa sentimita sabini hivi unakataa mkondo kubadilika ghafla, na ile plagi yenyewe inahifadhi chaji kidogo kama kapasita. Viwili hivyo ukivigonga kwa cheche vinatikisika kama uzi wa gitaa, kwa namba zangu karibu mara milioni 50 kwa sekunde. Huo ndio mlio ambao gari linautangaza. Waya za pikapu ya Baba zilikuwa za shaba tupu, zisizo na ukinzani wowote wa kuutuliza mtikisiko. Tena kulikuwa na njia ya pili, ya siri zaidi: kelele zilirudi kutoka kwenye koili kupitia waya wa volti 12 ule ule unaoilisha redio. Yaani adui alipita hewani na mlangoni kwa wakati mmoja.

Nilipata michoro mizuri sana. Lakini nilipopiga hesabu ya muda nikakwama. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inarusha cheche 100 kila sekunde. Kila cheche inavunjika kwa muda mfupi mno, sehemu za bilioni za sekunde. Ikiingia kwenye redio inarefuka, kwa sababu redio ya masafa ya kati huachia uwazi mwembamba tu ili stesheni zisigongane. Kengele ukiigonga mara moja huendelea kulia, na chujio la redio ni hivyo hivyo. Hata hivyo nilipata kama sehemu moja ya elfu tano ya sekunde kwa kila cheche. Zidisha kwa mia. Ni sehemu 2 katika 100 ya muda wote! Mtangazaji alikuwa amebakiwa na sehemu 98. Jina zima linapoteaje?

Nilijirekodi nikisoma tangazo la uongo kwa sauti ya kitangazaji, jina likianza na K, nikatunga programu ndogo ya kulichanganya na zile cheche, nikasikiliza. Lilisikika. Lina mikwaruzo, lakini jina lipo. Nilikaa siku nyingi na jambo hilo, na mtu wa bweni akisinzia mimi nipo na visikizio masikioni nasikia kifo cha mtu asiyekuwepo.

Jibu lilikuwa ndani ya redio yenyewe. Kila redio ya aina ile ina kifaa kinachojirekebisha sauti: mawimbi yakija na nguvu kinapunguza, yakidhoofu kinaongeza, ili msikilizaji asikae anazungusha kitufe. Ni kama karani mtiifu. Sasa nyuma ya mlima stesheni ni dhaifu, na cheche zina nguvu. Karani anaona nguvu, anadhani stesheni imekaribia, anapunguza sauti. Kati ya cheche na cheche mtangazaji anaendelea kusoma, lakini ameshafinywa. Nilipomwingiza karani huyu kwenye maigizo, jina likafa. Herufi K ni mpasuko mfupi tu wa pumzi, ilikuwa ya kwanza kuzama.

Na mahali pake pakaja kitu kingine, ambacho kilinifanya nivue visikizio. Cheche 100 kwa sekunde ni mlio wa hezi 100. Sauti ya mwanamume akiongea kwa utulivu hucheza humo humo, mia na kitu. Ule mlio, ukipita kwenye spika ndogo katikati ya sentensi ya mwanamume, unasikika kama mtu aliyefumba midomo: mmmmm. Ile M tuliyoisikia wote Ijumaa ile hakuitamka mtangazaji. Iliitamka injini ya Baba.

Niliwaita washkaji sita wa bwenini bila kuwaambia kitu, nikawapigia faili. Wa Moshi akasema marehemu ni Mushi. Wa Songea akasema Mapunda. Wa Mbeya akaapa kwamba ni Mwakalinga na akataka kujua nimelipata wapi tangazo la mtu wa kwao. Wawili wakasema hawajasikia jina, na mmoja akakataa kusikiliza, akasema mambo ya vifo usiku hayataki mchezo.

Baadaye nikasoma kwamba mwaka 1970 mtaalam wa Marekani, Richard Warren, alikata sauti moja katikati ya neno lililorekodiwa akabandika kikohozi mahali pake. Wasikilizaji walilisikia neno zima, wakashindwa hata kuonyesha kikohozi kilikuwa wapi. Sikio halipendi shimo. Linalijaza kwa kitu kilichokuwa karibu, na mtu mwenye kaka Dar es Salaam ambaye hajaandika barua miezi mitatu, kilichokuwa karibu ni nini? Mzee yule wa nyuma alisikia alichokuwa anakiogopa tangu mwanawe alipoondoka. Kompyuta yangu ilikuwa na betri, koili, waya, mwanya, chujio na karani. Haikuwa na mzee yule, na sijui ningempa namba gani.

Leo magari ya umeme yanaletwa kama dawa. Hayana plagi, ni kweli. Lakini yana swichi za kielektroniki zinazokata na kuunga mkondo mkubwa maelfu ya mara kwa sekunde, na mabaki ya kelele hizo yanaangukia pale pale kwenye masafa ya kati. Unajua baadhi ya watengenezaji walifanya nini? Waliiondoa redio. Gari la BMW i3 liliuzwa Marekani tangu 2014 bila masafa hayo. Mwaka 2023 Ford walitangaza kuyaacha katika magari yao mengi mapya, watu wakapiga kelele, wabunge wa kule wakaleta muswada wa kuwalazimisha watengenezaji, na kampuni ikarudi nyuma mwezi Mei mwaka huo huo. Hoja ya waliopinga ilikuwa kwamba siku ya mafuriko au kimbunga, redio ile ndiyo inayomfikia mtu wa mbali. Nilipoisoma hoja hiyo nilimkumbuka utingo na jiwe lake. Baba alizima gari ili asikie. Wao walitaka kuzima kinachosikika ili gari liende. Wataalam wanajua njia ya tatu, ya kuzifunga kelele ndani kwa ngao na vichujio, ila inaongeza gharama na uzito, na gharama zinasikika kuliko mtangazaji.

Ile njia ya tatu niliijaribu pia kwenye pikapu yangu ya namba. Ukinzani wa omu 5,000 kwenye kila waya wa plagi, kapasita moja ndogo kwenye koili, na kipande cha waya wa kuiunganisha boneti na bodi ili isigeuke antena. Vitu vya kujaza kiganja. Nikarudisha tangazo lile lile, mlima ule ule, mizunguko 3,000 ile ile. K ikatoka. Jina zima likatoka, limechoka kidogo lakini lote, na hakuna mtu angelipa ukoo mwingine.

Likizo iliyofuata nilipanda Suji na kompyuta ya kuazima. Baba alikuwa ameshaacha udereva, magoti yamekataa. Nilimwekea faili la kwanza, lile la kukoroma. Alisikiliza ameinamisha kichwa upande wa sikio zuri. Likiisha akasema, "Rudia." Nikarudia. Mara ya tatu, mlio ulipoanza, niliona mkono wake wa kulia umeshuka pembeni ya kiti, pale ambapo swichi ya gari ingekuwa.

"Ndilo lenyewe," akasema. Kisha akauliza, "Sasa mwanangu, kulikuwa na dawa?"

Faili la pili lilikuwa hapo hapo, chini ya la kwanza. Nikamwambia kwamba kule nyuma ya mlima stesheni yenyewe ilikuwa dhaifu sana, na hilo ni kweli.

"Mlima ule," Baba akasema, na akaniomba nimwekee taarifa ya habari.